Nilikimbia fizikia Fomu Tatu, kemia ikanikimbia yenyewe. Sasa natakiwa kuchagua somo dogo la sayansi

Roysambu_Mpya

Wadau, habari zenu. Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha binafsi hapa Nairobi, vile vyuo vya mtindo wa Marekani ambapo una somo kuu na kando yake unabeba somo dogo lenye yuniti chache. Somo langu kuu ni mawasiliano, upande wa uanahabari. Nataka kuandika habari za afya na mazingira. Mshauri wangu wa masomo akaniambia kama nia ni hiyo, basi somo dogo liwe la sayansi, nisije nikawa wa kunakili taarifa za wataalamu bila kujua zinasema nini. Nimekubaliana naye. Tatizo ni mimi.

KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nilipata B-, lakini walionibeba ni Kiswahili, Historia na CRE. Baiolojia C. Kemia D+. Hisabati D+. Fizikia niliiacha siku ileile waliyoturuhusu kuchagua masomo. Kusema kweli shuleni kwetu maabara ilikuwa inafunguliwa tu mitihani ikikaribia.

Yaliyopo kwenye orodha ni baiolojia, kemia, sayansi ya mazingira, takwimu na kompyuta. Baba anasema kompyuta, ndiko kwenye kazi. Marafiki wanasema mazingira kwa kuwa "ni maneno tu". Fomu lazima irudi ofisini kabla muhula haujaisha. GPA yangu (wastani wa alama chuoni) ni 3.4 na sitaki kuiona ikiporomoka. Niambieni ukweli, hata ukiwa mchungu.

Kamba_ya_Viatu

Mazingira. Unapanda mche, mnapigwa picha, unapewa A. Uzi ufungwe.

Titresheni

Kamba_ya_Viatu, watu kama wewe ndio wanaowajaza wenzao kwenye yuniti zisizo zao, halafu wanakuja kulia wiki ya tano.

Dadangu Roysambu, mimi nilisomea kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Chiromo, na sasa niko kwenye maabara ya kupima maji, kwa hiyo nitaongea ninachokijua. "Mazingira ni maneno tu" ni uongo unaodumu mpaka ukutane na yuniti ya uchafuzi wa maji. Ukitaka kujua mto umechafuka kiasi gani, kipimo cha kawaida ni BOD: unachukua sampuli, unapima oksijeni iliyomo, unaifungia gizani siku 5 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, kisha unapima tena uone vijidudu vimetumia oksijeni ngapi. Jibu linakuja kwa miligramu kwa lita. Ukishamaliza hapo unaulizwa naitreti, fosfeti, pH. Na pH ni logi: maji ya pH 5 yana asidi mara 10 ya maji ya pH 6, si "kidogo zaidi". Hiyo yote ni kemia, ila imevaa gamubuti.

Sikutishi. Nakuonyesha kwamba jina la somo halikuambii kitu. Fanya hivi: chukua katalogi ya chuo chako, tafuta yuniti ya MWISHO katika kila somo dogo, na uisome kurudi nyuma. Yuniti hiyo inadai umepita ipi kwanza? Na hiyo nayo inadai ipi? Endelea hadi ufike chini kabisa. Kuna somo dogo linaloandikwa yuniti sita, ukilifuata hivyo unakuta ni tisa, kwa sababu tatu zimejificha kama masharti. Baiolojia ndiyo yenye mtego mkubwa. Mtu anaichukua ili aikwepe kemia, kumbe biokemia imo ndani, na biokemia haiguswi bila kemia ya kaboni, na kemia ya kaboni haiguswi bila kemia ya jumla, ya kwanza na ya pili. Anakuwa ameikimbia kemia kwa kupitia mlango wake wa nyuma.

Halafu jipime mwenyewe usiku wa leo, bila kumuuliza mtu. Gramu 4 za sodiamu haidroksaidi zimeyeyushwa kwenye maji hadi kufika sentimita za ujazo 500. Molariti, yaani moli kwa kila lita, ni ngapi? Uzito wa atomu: sodiamu 23, oksijeni 16, haidrojeni 1. Ukishindwa, fungua kitabu cha KLB cha Fomu Tatu, mada ya moli, soma, ujaribu tena. Sitaki kujua kama utashindwa mara ya kwanza. Nataka kujua kama baada ya kusoma utaweza.

Takwimu254

Nakubaliana na Titresheni kuhusu kusoma katalogi kinyumenyume. Ila nikuulize, mbona hakuna anayekusukuma kwenye takwimu? D+ ya hisabati ya KCSE ni D+ ya vitu vingi vilivyotupwa kwenye gunia moja: trigonometria, matriksi, vekta, latitudo na longitudo, kalkulasi ya mwishoni mwa Fomu Nne. Takwimu za mwanzo hazihitaji hata nusu ya hayo. Zinahitaji asilimia, uwiano, kusoma grafu na kutoogopa fomula ya mstari mmoja.

Na kwa mwandishi, hakuna sayansi itakayokulipa haraka zaidi. Mfano. Utaletewa taarifa inayosema dawa fulani "inaongeza hatari ya kuganda kwa damu kwa asilimia 50". Kichwa cha habari kinajiandika chenyewe. Lakini ukiuliza asilimia 50 ya nini, unaweza kukuta hatari ilikuwa watu 2 kati ya 10,000 na sasa ni 3 kati ya 10,000. Yote mawili ni kweli. Moja litawatia watu kiwewe waache dawa, lingine litawasaidia kuamua. Chukua pia sensa ya 2019: Kenya watu 47,564,296, Nairobi 4,397,073. Kila mwaka mtu anaandika kuwa kaunti fulani "inaongoza" kwa ugonjwa fulani, kumbe inaongoza kwa wingi wa watu. Hesabu wagonjwa kwa kila watu 100,000 na orodha inapinduka.

Onyo moja, na ni kubwa. Kuna takwimu za kutumia na kuna takwimu za hisabati. Za kutumia utafanya kwa kompyuta, pengine kwa programu ya R ambayo ni ya bure. Za hisabati zitakudai kalkulasi, kwa sababu uwezekano wa kitu kinachopimika kama urefu au muda unapatikana kwa kutafuta eneo chini ya mstari wa grafu. Majina ya yuniti hufanana. Omba muhtasari wa yuniti, na ukiona neno "intigrali" kabla ya ukurasa wa tatu, toka mbio.

Roysambu_Mpya

Titresheni, nimekaa na lile swali. Kwanza sikukumbuka hata moli ni nini. Nikamwomba mdogo wangu kitabu chake. 23 na 16 na 1 ni 40, hizo ndizo gramu za moli moja. 4 kugawa kwa 40 ni 0.1. Nusu lita ina 0.1, basi lita nzima ina 0.2. Ni 0.2?

Titresheni

Ni 0.2. Umeona? Hiyo "basi lita nzima ina" uliyoiandika ndiyo kemia yenyewe. Wengi wanakariri fomula na hawajui wanatafuta nini.

Kokoto

Nimechelewa kuingia lakini lazima nitetee jiolojia, hata kama haimo kwenye orodha yako (vyuo vya binafsi vingi havina, na ni aibu, tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa). Jiwe lililojenga sehemu kubwa ya mji huu ni la volkano. Ngong ni mabaki ya volkano. Olkaria wanachimba mvuke na kuuzungusha kuwa umeme tangu 1981. Kule Nariokotome, magharibi ya Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu mwaka 1984 na kikawa yule kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale wa karibu miaka milioni 1.5 na ushee, na umri huo haukukisiwa, ulipatikana kwa kupima tabaka za majivu ya volkano. Mwaka wa kwanza wa jiolojia ni kuangalia, kuchora na kueleza, kazi ambayo mtu wa Historia anaifanya vizuri kuliko anavyodhani.

Nasema haya kwa sababu kuna sayansi za kukokotoa na kuna sayansi za kusimulia yaliyotokea kwa kutumia ushahidi. Jiolojia, ekolojia, sehemu ya elimu ya hali ya hewa, mageuzi ya viumbe. Kama kichwa chako kilipenda Historia, elekea huko. Hisabati utaikuta baadaye, lakini utaikuta ukiwa tayari unajua unaitaka ya nini.

Ila ziara za nyanjani zina gharama. Uliza mapema nani analipa basi na malazi, maana kwenye ada haionekani.

Mama_Zawadi

Kokoto umenena. Mimi ni muuguzi, nilirudi chuo nikiwa na watoto wawili, na baiolojia ndiyo iliyonipa kazi ngumu kuliko nilivyotarajia. Watu husema baiolojia ni kukariri. Ni kukariri mpaka ufike jenetiki, ambapo unakuta ni hesabu za uwezekano: wazazi wote wawili wana jeni moja ya selimundu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Nimeona akina mama wakiambiwa hivyo wakaelewa vibaya, wakidhani wakishazaa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Anayeandika habari za afya bila kuelewa kwamba nafasi ni ileile kila mimba atawaumiza watu.

Roysambu, baiolojia ina pande mbili. Upande wa seli na molekuli, huo unakupeleka moja kwa moja kwa kemia aliyoisema Titresheni. Upande wa ekolojia na mimea, huo unakupeleka msitu wa Karura na kamba ya mita na fremu ya mraba kuhesabu miche. Angalia kama chuo chako kinakuruhusu kubaki upande mmoja. Kama hakikuruhusu, hesabu vizuri.

Na kwa wanaodhani somo dogo ni pambo: Wangari Maathai alipohitimu kule Kansas mwaka 1964, somo kuu lake lilikuwa baiolojia, na masomo madogo yalikuwa kemia na Kijerumani. Ndio, Kijerumani. Baadaye alienda Ujerumani kwa utafiti wa uzamifu wake, aliopata hapa Nairobi mwaka 1971. Kwa hiyo hata lile dogo lilifanya kazi.

Mhariri_Mstaafu

Nitasema lisilopendwa. Nimekaa kwenye chumba cha habari miaka mingi, na sikuwahi kumwajiri mtu kwa sababu ya somo dogo. Niliajiri mtu anayejua kupiga simu, kuuliza swali la pili baada ya jibu la kwanza, na kuleta habari kabla saa ya mwisho haijapita. Binti, una 3.4. Kwa nini uihatarishe? Chukua sayansi ya siasa, maliza na daraja zuri, sayansi utajifunza kazini kwa kuwauliza wenye nayo.

Roysambu_Mpya

Shikamoo mzee. Nimekuelewa kuhusu GPA na ndiyo inayonikosesha usingizi. Lakini nikiuliza wenye nayo, nitajuaje kama wananidanganya?

Mhariri_Mstaafu

Marahaba. Swali zuri. Utapiga simu kwa wa pili.

Takwimu254

Mzee, kwa heshima, wa pili naye huongea lugha ileile. Kumbuka kesi ya Owino Uhuru kule Mombasa, wakazi waliopata sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Ukweli wote wa habari ile umekaa kwenye kipimo kimoja: mikrogramu za risasi kwa desilita ya damu. Mwandishi asiyejua kuwa mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, ukimpa 5 na 50 ataona zote ni namba ndogo tu. Na kiwango cha kutilia shaka kwa mtoto chenyewe hubadilika. Marekani walikishusha kutoka 5 hadi 3.5 mwaka 2021. Nani atakupigia simu kukwambia hukuuliza swali hilo?

Mhariri_Mstaafu

Hapo umenibana. Sawa, achukue sayansi. Lakini achukue ile atakayoimaliza.

Mwalimu_wa_Donholm

Nafundisha hisabati sekondari, kwa hiyo hizo D+ nazijua kwa sura. Niongeze mawili.

La kwanza, hisabati ya sayansi za mwaka wa kwanza ni nyembamba kuliko mnavyoogopa. Kubadilisha vizio, miligramu kuwa gramu, mililita kuwa lita. Uwiano. Namba za kipeo, ili uweze kuandika 6.02 × 10²³ bila kutetemeka. Logi, angalau kujua inasema nini. Kubadilisha kichwa cha fomula. Kusoma mteremko wa grafu. Basi. Mwanafunzi wa D+ mara nyingi alikwama kwenye sehemu na uwiano darasa la saba, na kila kitu kilichofuata kikajengwa juu ya ufa huo. Uzibe huo kwanza. Khan Academy ni bure, OpenStax wana vitabu kamili vya kemia, baiolojia na takwimu, bure pia, unapakua PDF. Ukitaka karatasi mkononi, vitabu vya KLB vya mitumba vinapatikana kwa wauzaji wa kando ya barabara mjini kwa bei ya chakula cha mchana. Usione haya kurudi Fomu Mbili. Likizo ndefu inatosha ukikaa nacho kila siku, haitoshi ukikaa nacho siku za Jumapili.

La pili ni ratiba, na hapa ndipo wengi hufia, si kwenye akili. Yuniti yenye maabara inakula alasiri nzima, mara nyingi masaa matatu, na bado kuna ripoti ya kuandika nyumbani. Kwenye transkripti hayo masaa matatu huhesabiwa kidogo mno. Usichukue maabara mbili muhula mmoja. Usiweke maabara siku moja na ile yuniti ya uanahabari inayokutaka ukimbie mjini na kamera, maana Thika Road saa kumi na moja jioni haimjui mwanafunzi. Na mhadhiri ana uzito kuliko somo. Nenda ukae nyuma darasani kwake mara moja kabla hujajiandikisha. Wengi hawakatai.

Kamba_ya_Viatu

Na kompyuta ya mzee wake? Mbona mmeiruka.

Takwimu254

Kompyuta si mbaya. Lakini yuniti za programu hubebana: ukikosa wiki mbili hurudi tena. Na anachotaka ni kuelewa sayansi aiandike, si kutengeneza apu. Akijifunza R kwenye takwimu, baba ataona msimbo kwenye skrini na atatulia.

Roysambu_Mpya

Nimerudi. Nimefanya alivyosema Titresheni, nimesoma katalogi kutoka mwisho. Matokeo yamenishangaza.

Baiolojia: huwezi kubaki upande wa ekolojia peke yake. Jenetiki na biokemia ni lazima, na biokemia inavuta kemia tatu nyuma yake. Nimeitoa. Kemia sikuihesabu kabisa, tusidanganyane. Takwimu: ya kwanza na ya pili ni za kutumia, ya tatu inataka kalkulasi, hapo nimekwama. Mazingira: yuniti ya mwisho ni ya tathmini ya athari kwa mazingira, inataka ekolojia na kemia ya mazingira, na kemia ya mazingira inataka kemia ya jumla ya kwanza TU. Moja. Na kuna nafasi mbili za hiari ndani ya somo dogo, na takwimu za kutumia zinakubalika zote mbili.

Kwa hiyo naona hivi: mazingira, na nafasi za hiari nizijaze na takwimu. Kemia ya jumla naichukua muhula ujao, ikiwa ndiyo maabara yangu pekee, na likizo hii narudi kwenye moli na uwiano. Mshauri wangu amesema kemia ikinishinda kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha yuniti, naweza kutoka bila alama kuingia kwenye GPA, na hapo nitahamia kwingine nikiwa sijapoteza zaidi ya ada ya yuniti hiyo. Mzee Mhariri, unaionaje?

Mhariri_Mstaafu

Tarehe hiyo ya mwisho, iandike ukutani. Na CAT ya kwanza ya kemia (jaribio la ndani ya muhula) ikija kabla ya tarehe hiyo, ichukulie kama chanzo cha habari: inakwambia ukweli. Ikija baada yake, mfuate mhadhiri umwombe maswali ya mwaka uliopita ujipime mwenyewe kwa saa.

Kokoto

Tathmini ya athari kwa mazingira kwa mwanahabari ni dhahabu. Kwa sheria ya Kenya ya 1999, miradi mikubwa lazima ifanyiwe, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Ripoti zile zina mamia ya kurasa na karibu hakuna anayezisoma mpaka mwisho. Wewe utakuwa unajua ukurasa gani wa kufungua kwanza.

Mama_Zawadi

Hongera mama. Jenetiki usiiache moja kwa moja, hata kama si ya alama. Kaa na sura hiyo ya OpenStax siku moja.

Roysambu_Mpya

Nitafanya hivyo, asante mama. Asanteni wote. Swali la mwisho na la kijinga: koti la maabara. Duka la chuo wanauza ghali. Nikiokota la mitumba soko la Gikomba ni sawa?

Titresheni

Si swali la kijinga. Gikomba ni sawa kabisa, ila soma lebo ya ndani: liwe la pamba. Polista ikishika moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Mikono iwe mirefu, vifungo vyote viwepo, lifike magotini.

Roysambu_Mpya

Na viatu?

Titresheni

Vya kufunika vidole. Sandali utarudishwa mlangoni, na mahudhurio ya siku hiyo yatakuwa yamekwenda.